Mkataba uliisha, sikwenda kwetu: nilibaki Ruashi kusikiliza sauti ya mama mkwe

Juni 1957, Élisabethville, nilimpoteza mke wangu, Filomena. Homa ya siku chache, hospitali, basi.

Wakuu, nawaamkia wote. Mimi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, na shule yangu haikufika mbali, mnivumilie.

Kuna mwenzetu humu ameuliza: walimu mnaofundisha ugenini, mkataba ukiisha na mwingine haujaanza, mnafanya nini na muda huo? Nimesoma majibu mengi ya kusafiri na kulala. Langu ni hili, na chumvi sijaongeza.

Kwetu ni Karema, upande wa Tanganyika wa ziwa. Nilivuka nikiwa kijana, nikapata kufundisha darasa la kwanza katika shule moja ya misheni mjini Élisabethville, siku hizi Lubumbashi. Mkataba miaka mitatu, kisha mapumziko, nauli ya kwenda na kurudi juu yao.

Filomena alikuwa Mluba wa Ankoro, kaskazini mwa Katanga. Tulioana hapo mjini. Kwao walimtuma baba yake mdogo tu, kwa hiyo mama mkwe sikuwahi kumwona.

Mkataba ukaisha wiki chache baada ya mazishi. Nyumba ya shule nikairudisha. Padri akaniambia, "Nenda kwenu upumzike. Shule ikifunguliwa, nafasi yako ipo."

Sikwenda.

Mama mkwe alikuwa amekuja kwa treni kulia kaburi la mwanawe, akafikia mtaa wa Ruashi, hapo hapo mjini, kwa mdogo wake, Mama Numbi. Nami nikapewa chumba cha uani nyumba hiyo hiyo.

Sasa, kwa watu wa mke wangu, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye wala hali naye. Ndiyo heshima yenyewe. Kijijini kuna nafasi ya kukwepana. Ruashi nyumba zimebanana, na bomba ni la mtaa mzima. Mama akitoka na ndoo, Mama Numbi anapaza sauti, "Mama iko anapita!" nami nageukia ukuta. Majirani walinibatiza jina: Mwalimu wa Ukuta.

Kuongea ilibidi mkeka utundikwe barazani. Mimi huku, mama kule, Mama Numbi katikati akipokea maneno na kuyapeleka.

"Mama anauliza, mutoto alikuwa anakula muzuri kwako?"

"Mwambie alikuwa anakula vizuri."

"Amesikia! Masikio iko nayo. Mimi ndiye ninachoka, niko tarishi yenu bila mushahara."

Lakini siku ile ya kwanza, mama alipofungua kinywa nyuma ya mkeka, nilishika kiti kwa mikono miwili.

Ilikuwa sauti ya Filomena.

Ile ile, yenye mkwaruzo kidogo, inayoshuka mwisho wa swali kana kwamba jibu analijua.

Kuanzia hapo nilikuwa wa kwanza kuketi barazani kila asubuhi. Niliuliza mambo yasiyo na kichwa wala miguu, mvua za Ankoro, samaki wa Lualaba, ili tu aseme. Alijibu kwa Kiluba, nami Kiluba nilikielewa nusu. Haikunisumbua. Treni ya kwetu ilikuwa inaondoka na sikupanda. Mama yangu Karema alikuwa ananingoja, hilo nalo nililijua.

Kuna desturi nyingine. Mwanamume aliyefiwa hubaki amefungwa na marehemu mpaka familia ya mke imtoe. Wanampaka pemba, udongo mweupe, kwenye paji la uso, wanamwachia aende. Kuanzia hapo si mkwe tena, ni mtoto wa nyumba, na mkeka unaondolewa.

Mama alitaka kunitoa. Mama Numbi alileta neno hilo mara mbili, na mara zote mbili nikasema bado. Nilijua mkeka ukishuka, Filomena atanyamaza.

Safari nyingine Mama Numbi hakukaa katikati. Alinifuata chumbani.

"Mwalimu, unafikiri ni weye peke yako ulifiwa? Mama hawezi kurudia kwake bila kukutoa. Shamba yake iko inaota majani. Na kuna neno anataka kukuuliza, hataki lipite mu kinywa yangu."

"Neno gani?"

"Kama ningelijua, ningekuwa nimekuuliza zamani!"

Nikasema, "Jumamosi."

Wakuu, nisimame hapa kidogo, maana nikimaliza sehemu inayofuata sitaweza kuongeza kitu. Nilidhani mapumziko yale ni yangu, niyatumie nitakavyo. Kumbe upande wa pili wa mkeka kulikuwa na mtu anayesubiri nimalize, ili naye apate mtu wa kulia naye. Kama kuna aliyewahi kukataa kufunguliwa msiba, aandike hapa chini. Nitasoma yote, hata kama kujibu nitachelewa.

Jumamosi ikafika. Mama Numbi akalowesha pemba kwenye sahani, akanipaka.

"Mwalimu, hii hapana chaki ya shule, usiifute," mume wake akasema. Watu wakacheka, hata mimi.

Baba mdogo wa Filomena alikuwepo. Akasema, "Mutoto yetu amekuachia. Enda muzuri."

Mkeka ukashushwa.

Hakufanana naye hata kidogo. Mwanamke mfupi, uso mpana, pengo mbele. Filomena lazima alichukua sura ya baba yake. Naye alinitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kipo.

Kisha akauliza neno lake, yeye mwenyewe, kwa Kiswahili:

"Alinenepa?"

"Alinenepa, mama. Gauni la arusi lilikataa kumwingia."

Akacheka. Akacheka mpaka machozi yakaja, na hakufunika uso.

Mama Numbi akaleta bukari, ugali wa huko, na samaki, sahani moja. Mama akaisogeza upande wangu.

"Kula," akasema.

Nikanawa mikono, nikala naye.