Mguu wa Upande wa Bomba

Mume wangu Osée amebeba abiria kwa pikipiki hapa Likasi miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo yote hajawahi kumwangusha mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya umfikirie vingine. Mimi ni Bibiane, mke wake, mwalimu wa darasa la pili, na sina subira na watu wanaohukumu kabla ya kusikiliza.

Kuendesha pikipiki, kila mtu anaweza. Kazi ni kumpandisha mtu na kumshusha. Wengi pale kituoni hawalijui hilo. Husimama nusunusu, mguu mmoja chini, injini inanguruma, na abiria anaruka kama mbuzi anayeteremshwa kwenye lori. Hapo bomba la moshi, ambalo liko kulia, linamlamba shavu la mguu. Watazame wanawake wa mji huu wakitoka misa: wengi wana ile alama nyeusi. Ukitaka kulikwepa bomba, shuka kushoto. Lakini hapa magari hushika kulia, kwa hiyo kushoto ndiko yanakopita malori ya madini, na dereva wa lori haoni mtu, anaona Kolwezi anakokwenda tu.

Osée yeye hutoka barabarani kabisa na kuingia njia ya pembeni, hata abiria akifoka. Anazima injini. Anakanyaga chini kwa miguu yote miwili. Anasema, "Ngoya kwanza," yaani ngoja. Kisha ndipo anaposema, "Sasa shuka, kushoto." Na wakati wa kupanda anafanya jambo ambalo wenzake wanalicheka zaidi: anainama, anaushika mguu wa kulia wa abiria kwa mkono wake mwenyewe, anauweka juu ya chuma cha kukanyagia, mbali na bomba. Amewafanyia hivyo wachimbaji wa Kamatanda wenye matope mpaka magotini, wavunja mawe wa Kakontwe walio weupe kwa vumbi, masista, walevi. Basi wakampa jina Papa Ngoya.

"Papa Ngoya, weye uko motard ao infirmier?" Willy, mwenzake wa kituoni, hupenda kumwuliza, yaani yeye ni dereva wa pikipiki au muuguzi.

"Minye niko muntu ya kuchoka," Osée humjibu.

Wala hakuwa anatania. Jioni anakaa kizingitini na kukiangalia kiatu chake kwa muda mrefu kabla ya kukivua. Goti la kushoto, lile linalobeba uzito wa pikipiki na mtu juu yake, halikunjiki tena vizuri. Namletea maji ya moto, analikanda goti. Mimi nami nimetoka kupiga kelele mbele ya watoto hamsini na wanane, sauti imeniisha.

Mama yangu anaitwa Orpha, lakini kwetu wote ni Mamu. Ana miaka sabini na mmoja. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasaï kwa ajili ya kazi ya mgodi, na pamoja na mizigo yao walileta desturi zao. Moja ni hii: mama mkwe na mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anashika upande mwingine. Katika miaka kumi na minane ya ndoa yangu, Mamu na Osée walikuwa wakisalimiana huku mlango ukiwa kati yao. Mamu anaishi Kikula, mitaa miwili kutoka kwetu, katika chumba kwenye kiwanja cha Mama Emérance, kwa sababu kulala chini ya paa la mkwe haiwezekani. Usicheke. Hiyo ndiyo heshima niliyolelewa nayo, na niliipenda.

Halafu sukari ikampata Mamu, na kidonda kikafunguka chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Daktari hakutuzungusha. Kidonda kioshwe na kufungwa upya kila baada ya siku mbili, hospitalini, na mguu usigonge kitu chochote. La sivyo utakatwa. Kuanzia siku ile nyumba yetu ilikuwa na kazi moja: kuuokoa mguu wa Mamu.

Jumamosi ilikuwa rahisi. Nilikaa katikati, Osée mbele yangu, Mamu nyuma yangu, mimi ukuta kati yao. Siku nyingine niko darasani, kwa hiyo tukamwomba Willy. Safari ya pili tu, mbele ya lango la hospitali, Willy akasimama kwa mtindo wake, mguu mmoja chini.

"Mamu, shuka mbiyo, camion iko nakuya!"

Mamu akaliogopa lori, akaruka, akatua kwa mguu mbovu. Damu ilijaa kitambaa chote. Jioni ile nilimtukana Willy kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Mamu hakumtukana mtu. Alisema tu, "Sitapanda tena moto ya muntu mwingine. Paka ya Baba Jenny." Jenny ni binti yetu wa kwanza, na hivyo ndivyo Mamu anavyomwita mkwe wake: alitaka pikipiki ya Osée tu.

"Na heshima, Mamu?" nikamwuliza.

"Heshima itabakia. Mutafute namna."

Tukaitafuta, na kwa bahati mbaya tukaipata. Kreti ya bia iligeuzwa kuwa ngazi, ikawekwa upande wa kushoto. Mimi nilichukua kitenge cha zamani, nikakisokota, nikakifunga kiunoni mwa Osée na kuacha mafundo mawili makubwa mgongoni. Mamu atashika mafundo, mkono wake hautagusa hata shati. Yeye mwenyewe alijifunga vitenge viwili ili aweze kukaa kwa kutanua miguu, maana Osée hapakii mtu aliyekaa kiubavu. Mama Emérance angemshikilia upande wa kreti. Na Osée angekaa mbele, injini imezimwa, miguu yote chini, macho kwenye ukuta wa nyumba.

Mguu wa kulia hakuushika. Angeushikaje mguu wa mama mkwe? Aliuliza tu, akiuambia ule ukuta:

"Mamu, mugulu iko pa chuma?"

"Iko."

Wakaondoka. Wiki tatu waliendelea hivyo, na kidonda kikaanza kufunga. Nilifurahi, tena nikajisifu. Niliwaeleza walimu wenzangu jinsi tulivyoshika heshima kwa mkono mmoja na mguu kwa mkono mwingine. Osée alikuwa akianza kazi saa kumi na moja alfajiri, saa tatu anampeleka Mamu, anamsubiri kivulini mpaka saa tano, anamrudisha, anarudi kituoni. Siku moja nilimkuta amelala ameketi, kijiko kinywani. Nilimwamsha ale, kwani kesho yake ilikuwa siku ya hospitali tena.

Ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa pili wa mwaka, mvua imenyesha tangu usiku. Mguu ulikuwa umefungwa kitambaa kinene kuliko kawaida, na kandambili za Mamu hazikuingia, kwa hiyo Mama Emérance akamwazima zake za plastiki, kubwa. Mamu alipanda kreti, akashika mafundo, akavusha mguu. Mguu ukapita chuma cha kukanyagia na kutua nyuma yake, juu ya bomba.

"Mamu, mugulu iko pa chuma?"

"Iko."

Hakudanganya. Mguu ulikuwa umeegemea kitu kigumu, goti lake lilimwambia hivyo. Ule unyayo wenyewe ulikuwa umeacha kusikia chochote tangu mwaka uliopita, sukari ilikwisha kuula. Mama Emérance alikuwa upande wa pili, hakuona. Na Osée, ambaye kwa abiria mwingine yeyote angeinama na kunyoosha mkono, alitazama ukuta.

Kutoka Kikula mpaka hospitali ni robo saa. Siku ile walikwama nyuma ya malori, ikawa zaidi. Osée alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Watu huchoma takataka kandokando ya barabara kila asubuhi, hata mvua ikinyesha, basi akadhani ni hizo. Walipofika aliingia uani, akazima injini, akakanyaga chini kwa miguu yote miwili.

"Ngoya kwanza, Mamu," alisema.

Mlinzi wa lango, aliyekuwa na mazoea ya kumsaidia Mamu kushuka, alizunguka na kupiga ukelele. Kandambili ilikuwa imegandamana na bomba. Mamu alikuwa akiwatazama watu mmoja mmoja, akiuliza wanaangalia nini.

Nilifika saa sita, chaki bado mikononi. Osée alikuwa ameketi kwenye saruji kando ya pikipiki, anakwangua plastiki kwenye bomba kwa ufunguo.

"Minye njo naweka mugulu ya bantu bote," aliniambia. "Ata ya balevi. Ata ya bantu nisiyojua jina. Ya Mamu, sikuigusa."

Akalirudia. Akalirudia tena. Mimi nilikuwa na hasira naye. Baadaye hasira ikamhamia Mamu, kwa kusema "iko" kama mtu anayeitikia misa. Jioni ikanirudia mimi mwenyewe, na hapo ikakaa. Ni nani aliyesokota kile kitenge? Ni nani aliyejisifu nacho?

Siku ya tisa waliukata, chini kidogo ya goti. Mjomba wangu wa Lubumbashi alipiga simu kunieleza kwamba desturi haina kosa, kwamba wazee wetu walijua walichokifanya. Wazee wetu hawakupanda pikipiki, nikamwambia, nikakata simu. Osée alirudi kazini kesho yake. Willy alinisimulia kwamba sasa alikuwa akiushika mguu wa kila abiria muda mrefu mno, mpaka watu wanakereka na kumwambia auachie. Willy hakucheka aliponisimulia hayo. Na jina Papa Ngoya hakulitamka.

Mamu aliruhusiwa kutoka Jumamosi moja. Tungetafuta gari, lakini mvua ilikuwa imeichimba njia ya kwa Mama Emérance, gari halifiki hata nusu yake. Ilibidi iwe pikipiki. Tulimkuta uani juu ya kiti cha magurudumu, amejifunga kilemba kipya. Osée alizima injini. Kiunoni alikuwa amefunga kile kitenge, mafundo mgongoni. Alikifunga mwenyewe, mimi nilikuwa siwezi hata kukishika.

Mamu alikitazama.

"Fungula ile kitambala, Baba Jenny. Nilisha kuchoka na ile."

Akakifungua. Mimi nikasogea, tayari kukaa katikati kama zamani.

"Weye kaa nyuma," Mamu aliniambia. "Minye katikati."

Mlinzi akaja kumwinua, na Mamu akamzuia kwa kiganja. "Apana. Weye shika moto tu. Baba Jenny njo atanibeba."

Osée alisimama kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa. Alinitazama nimsaidie. Sikumsaidia. Miaka kumi na minane nimekuwa mlango na ukuta kati ya hawa wawili, nami nilikuwa nimechoka. Basi akaiegesha pikipiki kwenye stendi kubwa, mlinzi akaushika usukani, na Osée akafuta mikono kwenye suruali na kumwinua mama yangu. Mamu alijifunika uso kwa ncha ya kitenge chake. Osée naye akafumba macho, ikabidi nimkemee, "Fungua macho, bwana, utamwangusha!"

Alimkalisha sawasawa. Akainama, akaushika mguu wa kushoto, akauweka juu ya chuma, akaukandamiza kidogo mpaka akahakikisha. Kisha akazunguka nyuma ya pikipiki kwenda upande wa bomba, akainama kama anavyofanya kwa kila mtu, akanyoosha mkono.

Mkono ulikuta upindo wa kitenge, na chini yake hapakuwa na kitu.

Alibaki ameinama vilevile, mkono umenyooka. Mlinzi aligeuza uso. Mimi nililia, sikujificha. Mamu alijifunua uso, akatazama chini, akamwona, akaweka mkono mgongoni mwa Osée, juu ya shati.

"Iko muzuri, Baba Jenny," alisema. "Ulisha kuangaria. Panda, twende."

Osée akapanda, polepole, kwa ajili ya lile goti, nami nikakaa nyuma. Mamu akamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, na hakumwachia mpaka Kikula.