Kondoo Mweusi wa Kupimia Damu

Vijana wa siku hizi wakisikia kwamba sisi Shinyanga tulipima saratani ya damu kwa kondoo, wanacheka. Wacheke tu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini hospitali yetu haikuwa na kitu kingine, na mpimaji nilikuwa mimi.

Daktari wetu alisoma katika jarida kwamba chembe za saratani zina alama juu ya ngozi zake, na kwamba alama hizo zinaweza kukuonyesha ugonjwa utakakoelekea. Kuna chembe ambazo ukizichanganya na damu ya kondoo, chembe nyekundu za kondoo zinakuja kuzing'ang'ania pande zote. Ukiona hivyo, ni aina kali. Mgonjwa asilazwe hapa hata siku moja, akimbizwe Dar es Salaam kwenye dawa nzito, na hata huko matumaini ni kiduchu. Usipoona hivyo, dawa zilizokuwa kabatini kwetu zingeweza kumvusha kwa muda.

Basi akaja mchimbaji dhahabu mmoja kutoka Rwamgasa, huko Geita, na binti yake wa miaka minane. Mtoto alikuwa amepauka, fizi zinamtoka damu, tezi za shingo zimevimba. Lakini mdomo sasa! Nilipomtoa damu aliniuliza kama na mimi nilichomwa sindano asubuhi ile, na kama sikuchomwa, hiyo ni haki gani. Nilimpenda palepale, na nikaogopa.

Nikamwambia baba yake, "Niletee kondoo."

Kosa langu lilianzia hapo. Nilitaka matone machache tu ya damu, na ningeweza kwenda mnadani mwenyewe, ila nilikuwa na foleni ya vipimo vya malaria. Nikamwambia Msukuma mwenye mtoto mgonjwa alete kondoo, na nisimweleze ni wa nini. Kwao kondoo anayeletwa kwa ajili ya mgonjwa ni wa tambiko, na sharti awe mweusi mtupu. Siku ya pili alikuja na kondoo mweusi tii, na yeye mwenyewe amevaa shati safi.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, akiniita mama, kichwa kimeinama, kama watu wanavyoingia kwa mganga.

Nilimshika kondoo tumboni ili atulie, nikavuta damu shingoni. Kiganja changu kikatoka cheusi. Nilidhani ni uchafu wa njiani, nikanawa. Mwenye kondoo alishangaa kurudishiwa mnyama wake akiwa mzima, lakini hakuuliza, nami sikusema. Nikachanganya damu ya mtoto na ya kondoo, nikaziacha kwenye friji ya mafuta ya taa mpaka asubuhi.

Asubuhi ile, Jumamosi, nikachungulia kwenye hadubini. Jamani! Karibu kila chembe ya yule mtoto ilikuwa imezungukwa, kama watoto waliozunguka sinia la ugali. Nikatazama kioo cha pili, nikimwomba Mungu niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Baba mtu alikuwa amesimama mlangoni. "Mayu, na mimi naomba nione."

Nikampisha. Akafumba jicho moja kama anayekagua jiwe la dhahabu, akainama muda mrefu. Alipoinuka, uso wote ulikuwa unacheka.

"Amemkubali! Mayu, kondoo amemkubali mwanangu!"

Akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtiririka.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Daktari alikuwa Kahama mpaka Jumatatu, lakini mdomo ulikuwa wangu. Nikajidanganya: mwache afurahi leo, daktari atamweleza vizuri. Ajizi nyumba ya njaa. Marehemu mama alichoka kunikumbusha. Jumatatu tukakuta kitanda kitupu. Alikuwa amemchukua binti yake Jumapili na kuwaaga wauguzi wote mmoja mmoja, akiwashukuru. Daktari alinifokea mpaka sauti ikamkauka. Tulituma ujumbe kwa dereva wa lori la Geita. Sijui kama ulifika.

Baada ya kama wiki tano yule baba alirudi, peke yake. Sikuwa na haja ya kuuliza. Nilimpa pole, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, kofia mapajani.

"Nimekuja kuungama," akasema. "Yule kondoo hakuwa mweusi wote. Alikuwa na doa jeupe tumboni. Sikupata mwingine kwa haraka, nikalipaka masizi. Nilisema hamtaliona."

Nikakaa karibu naye. Nikamwambia doa halina kosa lolote. Nikamwambia yote, safari hii bila kuficha: kwamba zile chembe kushikamana ilikuwa habari mbaya, kwamba nilijua palepale, kwamba aliyekosa ni mimi niliyenyamaza akaondoka na mtoto. Nilieleza mpaka nikalia kwa sauti, na wagonjwa wakageuka kunitazama.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipapasa bega, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

"Ahsante, mayu. Una huruma sana," akasema. "Lakini masizi niliyapaka mimi."