Ndama Asiye na Mama Pichani

Mwanangu, nakumbuka Jumatatu ya pili ya Januari, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, katika shule moja nje kidogo ya Rujewa. Mimi darasa la kwanza nililianza nikiwa na miaka kumi na minne, nikikaa na watoto walionifika kiunoni. Kwa hiyo cheti changu cha ualimu nilitembea nacho kama kanga mpya, kila mtu akione.

Asubuhi ile niliwapima watoto wanaoanza shule. Nilikuwa na picha ya ng'ombe sita na ndama mmoja. Akaingia Minza, binti wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini, ameshika kidole cha baba yake.

"Haya mama, wahesabu," nikamwambia Minza.

"Ng'ombe hawahesabiwi," akasema. "Baba anakataza." Kisha akaiinamia picha. "Mwalimu, hawa wote madume. Huyu ndama ananyonya wapi?"

Mwalimu mwenzangu akaangua kicheko: "Bwana mifugo huyo!" Nami nikacheka, nikaandika kwamba hana uwezo.

"Umeandika nini, mwalimu?" baba yake akauliza.

"Akili yake bado."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

Jioni nilimsimulia mume wangu, Mungu amrehemu, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Hakucheka. "Mama Neema, hiyo picha wewe umeitazama?" Nilimjibu kwa ukali kwamba sikuwa napima mambo ya ndama. "Na wewe ungepimwa ukiwa na miaka saba," akasema, "wangeandika nini?"

Kiburi kilinizuia hadi Alhamisi ndipo nikaitazama. Kweli, hapakuwa na hata mmoja mwenye kiwele. Ijumaa nilitembea hadi bomani kwao. Walikuwa wamehama na mifugo yao tangu juzi yake.

Oktoba iliyopita, sokoni Mwanjelwa, nilisikia muuza maziwa akiitwa Minza. Macho yalikuwa yale yale. Kando yake alikaa binti mdogo.

"Huyu anasoma wapi?" nikamuuliza.

"Simpeleki, mama. Atakuwa kanifuata mimi. Mimi nilipimwa, nikaonekana sina akili." Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayetaja kabila lake.

Mwanangu, nilikuwa na neno moja tu la kusema, nikashindwa. Nilichukua maziwa yangu, mimi mjane ninayeheshimika, mwalimu mstaafu, nikaenda zangu. Nimerudi Jumamosi tatu, hayupo.

Wiki ijayo nawe unaanza kupima watoto wa watu. Karatasi yako itakuambia kama mtoto anajua unachokijua wewe. Anachokijua yeye, itabidi umuulize, na umsikilize hadi mwisho. Ukigundua umekosea, nenda ukafute siku hiyo hiyo, kabla watu hawajahama.

Mungu akupe macho ya kumwona mtoto, na miguu myepesi ya kurudi ulikokosea. Na akimleta Minza binti yake mlangoni kwako, Mungu akupe ulimi nilioukosa mimi.