Wali Uliopoa

Mama mkwe wangu hafinyangi tonge la wali mpaka mvuke umpige usoni. Husema wali uliopoa haushikani, na kijiko ni cha wavivu. Hulowesha viganja kwenye bakuli la maji, hujipaka chumvi, huchota wali moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, hutia katikati plamu, tunda dogo chachu lililokolezwa chumvi, kisha huanza kuugombeza: "Aa, aa, unaniunguza, mjinga wewe!" Hulirusha tonge mkono huu na mkono ule huku akilipuliza, na likitua kwenye sinia lina pembe tatu, tayari kuvikwa kipande cha mwani. Mume wangu Ryohei haamini kumekucha mpaka azisikie kelele hizo.

Leo ni siku ya michezo shuleni kwa wajukuu, nami nikamkuta jikoni kimya. Alikuwa akifinyanga polepole, harushi wala hapulizi.

"Mama, mbona leo huugombezi?"

"Nigombeze nini, Shiori? Umeshapoa huu. Hiyo sufuria yenu ya umeme imezeeka kunishinda mimi. Shika uone."

Nililipokea tonge nikalibwaga papo hapo sakafuni, vidole vikiniwaka moto. Akacheka mpaka akashika meza. "Mikono ya karatasi!"

Kisha akageuza viganja vyake ili achovye maji, nami nikayaona malengelenge, mawili yameshapasuka. Yeye akachota chumvi, akaipaka juu ya vidonda, akaisugua taratibu, bado anacheka, akaniuliza kama mwani umebaki.