Mvua ya Mawe kwa Maua ya Madame

Harufu ya kitunguu kilichooza ikinipita puani, mpaka leo naweka chakula chini. Sinusi kitunguu cha kula. Nanusa vile vitunguu vya maua vya Madame, mke wa Mzungu mwenye shamba la pareto, kule milimani juu ya Kashuga, ambako baba yangu, Papa Bahati, alikuwa mchumaji. Ni harufu nzito, tamutamu, kama kidonda kilichofungwa kitambaa kikasahauliwa. Natema mate hata sasa ninaposimulia.

Mama yangu, Mapendo, alikuwa amepewa kipande cha udongo mweusi chini ya dirisha la Madame, kwa sababu alifua nguo zao. Msimu ule mvua ya mawe ilikuwa imepiga shamba letu la bondeni, kwa hiyo mbegu yote ya maharage iliyobaki aliipanda pale. Kwetu binti akiolewa, mama yake humpa mbegu iliyohifadhiwa ndani ya majivu. Ile ilitoka kwa koko yangu Kanyere, mama yake Mama, naye aliipata kwa mama yake. Ikipotea, imepotea, sokoni hainunuliwi. Maganda yalikuwa yamejaa lakini bado mabichi, ndipo sanduku la Madame la vitunguu vya maua lilipofika kutoka Ulaya.

Kapita, yaani msimamizi wa shamba, Bauma, ambaye alikuwa amekula maharage hayo nyumbani kwetu akalamba sahani, alikuja na kofia yake kichwani.

“Mama Mapendo, ng’oa. Madame anataka maua ya kwao, ile inatokaka wakati baridi inaisha.”

“Papa Bauma, ngoja yakauke. Iko maji tupu ndani!”

“Madame hangojeaka maharage. Ng’oa, ao nitang’oa mimi.”

Akang’oa yeye. Mama aliokota mashina yote, akayafunga, akayaning’iniza juu ya moto jikoni, labda moshi ungeyakausha.

Sasa sikia upumbavu. Madame alisema maua yake hayaamki mpaka yaonje baridi kali. Basi kila mvua ya mawe ilipoanguka, Bauma aligonga kipande cha chuma, nasi watoto tukakimbia na vikapu kuokota yale mawe ya barafu na kuyamwaga juu ya vitunguu vilivyopandwa mahali pa maharage yetu. “Mutoto ya Papa Bahati, kimbia! Baridi ya Madame inayeyuka!” Rafiki yangu Furaha alicheka, “Tunalisha udongo ugali mweupe!” Vidole vyetu vilikufa ganzi. Mawe yaliyokula shamba letu, njo hayohayo tuliyabeba kifuani kama mgeni wa heshima.

Vikaoza, bila shaka. Tukaamriwa kuvichambua kwa mikono, vikiteleza kama kamasi, funza wakipanda mpaka kwenye viwiko. Kimoja tu kilitoa ua, la zambarau, dogo kama ukucha wa mtoto. Madame alilia kwa furaha. Wafanyakazi wote wakaitwa, Bauma akapaza sauti, “Pigeni makofi!” Wakapiga. Baba yangu naye alipiga, na hilo njo linanichukiza kuliko funza.

Mama hakupiga. Alirudi jikoni, nikamfuata. Alipasua ganda jeusi kwa masizi, akatoa harage lililokunjamana, akaling’ata kidogo pembeni. “Hii iko hai,” akasema. Mbegu hai zilipatikana chache, hazikujaza hata kiganja. Kesho yake lile ua lilikuwa limelala topeni.

Leo naishi kambini Kashuga, kambi ya sisi tuliokimbia vita, na katika lile shamba wanalishwa ng’ombe wa mtu ambaye sijawahi kumwona. Mjukuu wangu Neema alinionyesha katika simu maua yaleyale yakitoboa theluji huko kwao Ulaya. “Koko, angalia, mazuri!” Mazuri, siwezi kudanganya. Nikamrudishia simu yake.

Halafu juma hili akaja kijana wa kamati ya kambi, Josué, shati limepigwa pasi. Wageni wanakuja, anasema, njia ipandwe maua ili picha zipendeze. Na maharage yangu, uzao wa zile mbegu chache za Kanyere, yako kando ya njia hiyo, maganda yamejaa, bado mabichi.

“Koko, ng’oa mustari moja tu.”

Nilisikia sauti ya Bauma mlemle mdomoni mwake. Nikamjibu, “Ngoja yakauke.” Akaguna, akasema atarudi na wenzake. Warudi. Nimeleta kigoda changu, nimekaa katikati ya mistari, na hao wageni wakija watanipiga picha hapahapa, mikono yangu ikiwa juu ya magoti.