Kavindu na Kuku wa Utafiti

Jirani yangu Kavindu, Mama Maluki, hajui kufika mahali mapema. Hata kanisani huingia wakati sadaka imeshapita, anakaa nyuma kabisa, na bado mchungaji akitoka ni yeye anayesalimiwa kwanza. Alitoka upande wa Masinga akiwa msichana, akaja kuchuma kahawa huku Thika, akaolewa hapa kwetu Gatuanyaga, akafiwa na mume. Siku hizi anauza sukuma wiki sokoni. Shamba lake na letu yametenganishwa na ua wa kaiyaba, ile miiba yetu ya kila mahali, na mtu akitaka kuona ng'ambo anaona.

Mwaka jana alikuja msichana anayeitwa Wangechi. Anakaa Ruiru, pale Kamakis, na alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari; si ule wa sindano, ni wa uchumi wa kilimo. Alituita akina mama uwanja wa kanisa akatueleza. Chuo kimempa kuku wa kienyeji, wale wa mbegu nzuri. Akina mama wengine watapewa, wengine hawatapewa, halafu mwaka mzima atakuwa akipita kila nyumba na maswali, aone kama kuku wanabadilisha maisha.

"Na sisi wa kukosa tutakuwa tukifanya nini?" nikamuuliza.

"Mtaishi tu kawaida. Nyinyi ndio wa kulinganishia. Bila nyinyi hakuna utafiti."

Alilisema vizuri, kwa heshima. Mimi na yeye ni rika moja. Niliachia darasa la nane. Nilitazama kucha zake, safi kabisa, nikaingiza zangu ndani ya leso.

Sharti lilikuwa moja. Kuku wa utafiti hachinjwi, hauzwi, hapewi mtu, mpaka mwaka uishe. Atakayevunja, kuku wake wote watachukuliwa, apewe mwingine kati ya waliokosa.

Karatasi zilikunjwa zikatiwa ndani ya kofia. Nilikuwa nimefika wa kwanza, na tumbo langu la mimba kubwa hivyo. Nikatoa karatasi, nikairudisha, nikatoa nyingine. Ilikuwa tupu. Kavindu alifika watu wakisimama kwenda zao, nguo zinanuka moshi, na ndani ya kofia imebaki moja. Hata hakuchagua. Ilikuwa imeandikwa "kuku".

Akawaleta nyumbani akiwaimbia. Kila mmoja alifungwa utepe wa manjano mguuni, kama wanafunzi wa shule ya pesa. Yule mkubwa, mweusi mwenye madoadoa, aliyetembea mbele ya wenzake, Kavindu alimpa jina la Madam. Asubuhi nilipokuwa nikifua nilimsikia akisema, "Madam, kula polepole, huibiwi." Maji yangu yakawa yanapoa kwenye beseni.

Njau, mume wangu, anafanya kazi Eneo la Viwanda, huja nyumbani Jumamosi. Aliniuliza, "Mbona shingo imegeukia huko siku hizi? Kuna sinema?"

"Naangalia mvua," nikasema. Kulikuwa na jua.

Idah wangu alizaliwa, na maziwa hayakuja. Nilikula njahi, yale maharagwe meusi ya kuleta maziwa, mpaka nikachoka kuiona. Nilikunywa uji. Nesi alisema nimnyonyeshe hivyo hivyo, nisikate tamaa. Mtoto alinyonya, akaachilia, akanitazama, akalia mpaka sauti ikabaki ya kukwaruza. Ukimsikia mtoto wako akilia hivyo, kila kitu kingine duniani kinanyamaza.

Jioni moja Kavindu akaingia bila kubisha, na sufuria aliyoifunika kwa sahani.

"Mama Idah, kunywa ikiwa moto."

"Ni ya nini?"

"Ni ya kunywa."

"Mama Maluki, umetoa wapi kuku?"

"We ni polisi? Kunywa. Mtoto halishwi maswali."

Alimchukua Idah akamlaza kifuani mwake, akaanza kumwimbia wimbo ule ule wa kuku. Nami nikanywa. Mafuta yalielea juu, ya dhahabu, na nilimeza kila tone huku nimemkasirikia, maana hata supu yake ilikuwa tamu kuliko yoyote niliyowahi kupika.

Kesho yake niliamka nguo imelowa kifuani. Idah alinyonya mpaka akalala mdomo wazi. Nikatoka nje kuanika nepi, nikaangalia ng'ambo ya ua. Kuku walikuwa wakitembea ovyo, hawana wa mbele.

Wangechi alikuja wiki hiyo hiyo, akaanzia kwa Kavindu. Nilisikia Kavindu akisema ni mwewe. Kisha akaja kwangu, nikampa kigoda, akawasha simu yake ya maswali. Nilikuwa ninanyonyesha.

"Kuku mmoja wa Mama Maluki amepotea," akasema. "Wewe umeona mwewe?"

Ng'ambo ya ua jembe la Kavindu lilikuwa limeacha kulima.

"Mwewe huku wako," nikasema.

"Sawa. Na wiki hii, nyumba hii imekula nyama ya kuku? Hata supu?"

Mtu anayelala Kamakis, na moshi wa nyama choma unaingia dirishani, ndiye ananiuliza hivyo. Lakini sikumfikiria yeye sana. Nilifikiria wale kuku wakivushwa kwa boksi kutoka upande ule kuja upande huu. Ni neno moja tu. Na nisingekuwa nimedanganya. Niliona mahali nitakapoweka banda, karibu na tangi, mahali pasipo na unyevu. Mwenzangu alikuwa na bahati hata ya kuchelewa. Mimi niliyewahi nilikuwa na nini?

Idah alikuwa akimeza. Unajua ile sauti ya mtoto anayepata, gu, gu, kama maji yanayoingia kwenye mtungi. Niliisikia, na nadhani Wangechi pia aliisikia, maana aliinua macho akatabasamu.

"Hapana," nikasema. "Hatujala."

"Maziwa yanatosha?"

"Yanatosha."

"Unakula nini?"

"Njahi."

Akaandika njahi. Alipoondoka, Kavindu akaja kwenye ua, akasimama pale miiba ilipo michache.

"Amekuuliza umekula nini?"

"Nimemwambia njahi."

"Njahi yenye mabawa," akasema, na akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka. Nilimtazama tu, na kuku wake wakikwaruza nyuma yake, wote ni wake bado.

Sasa mwaka unakaribia kuisha. Wanataga, na jogoo mmoja ameanza kuwika. Juzi Kavindu aliniuliza kwa furaha kama nimemsikia.

"Nimemsikia," nikamwambia. "Ana kelele. Anamwamsha mtoto."

Hamwamshi. Idah amenenepa, akishiba akalala si mtu wa kuamshwa na jogoo.