Santuri Inaporuka

Fundi cherehani wa chumba cha pili hushika santuri kwa viganja, pembeni tu, kama aliyebeba bakuli lililojaa pomoni. Huifuta kwa kipande cha bitana, hushusha sindano taratibu na kuiambia, "Haya mama, tuimbie." Santuri zake za jazi na bluzi hazijazi hata kikapu. Jirani yake, mwenye duka la dawa, ana kabati zima, na bado roho inamuuma, tena kwa ajili ya ile moja ya fundi iliyokwaruzika. Kila jioni inaruka palepale, na kila ikiruka fundi huinua mkono bila kugeuka, mkewe akaimba kutoka jikoni maneno yaliyorukwa, kwa sauti mbaya ajabu, kisha wakacheka wote wawili.

Mwenye duka akahangaika mpaka akaipata santuri hiyohiyo, nzima, inang'aa, akamwita fundi aje asikilize. Fundi aliketi ukingoni mwa kiti. Ilipofika pale akainua mkono, lakini wimbo ukapita moja kwa moja, na mkono ukabaki hewani.

"Safi sana, jirani," alisema kwa upole. "Ila mke wangu angeimba wapi?"

Alipoondoka, mwenye duka alichukua pini akaikwaruza santuri yake palepale, akaipiga upya. Ikaruka vizuri kabisa. Akainua mkono, akangoja. Ng'ambo ya ukuta mke wa fundi akaimba, kwa sauti ileile mbaya, kisha wakacheka, wote wawili, kwao.